Njia Aliyoificha Mpambaji

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote ya watu wanaopenda kuchoka bure. Walikutana chini ya mlima asubuhi, jua likiwa bado halijapata nguvu, kila mmoja na jembe lake, reki yake na kisingizio chake. Huyu mgongo, yule mtoto ana homa, mwingine angelazimika kuondoka mapema. Ndivyo walivyo wajitoleaji: mdomo hujitolea kwanza, mwili hufuata ukipata nafasi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchonga njia ya baiskeli ubavuni mwa mlima, kwa ajili ya mashindano ya masafa marefu ambayo kwa mara ya kwanza yangepita mji wao. Njia ya baiskeli za mlimani si njia ya kwenda mahali. Mtu mwenye haraka zake akitaka kufika juu hupanda, akitaka kurudi hushuka. Njia ya mashindano hukunjwakunjwa kama utumbo. Inapanda kidogo, inazunguka, inarudi hatua chache tu chini ya pale ilipotoka, ili mlima mdogo umtese mwendeshaji kama mlima mkubwa. Na kwenye kila kona huwekwa tuta la udongo lililoshindiliwa, limeinuka kama ukingo wa bakuli, ili baiskeli ipinde bila kupunguza mwendo.

Aliyekuwa akitoa amri ni mwanamume waliyemwita Mkandarasi, ingawa riziki yake ilikuwa kukaa nyuma ya kioo cha benki, na maishani mwake hajajenga hata banda la kuku. Alivaa kofia ngumu hata wakati wa kunywa chai. Wenzake walimwachia. Kila kundi linahitaji mtu wa kupiga kelele.

Mwingine, ambaye habari hii ni yake, yeye aliitwa kwa kazi yake ya kweli: Mpambaji. Huyu alipamba kumbi za harusi. Majirani zake walimsifu kwa jambo moja. Ukumbi uwe na nguzo iliyopasuka, ukuta wenye ukungu, mlango usiofungika. Akimaliza yeye, huoni. Na wala hakuwa ameondoa kitu. Alikuwa amelipeleka jicho lako kwingine.

Sasa, pale mlimani palikuwa na njia ya miguu ya miaka mingi, imenyooka kutoka kileleni hadi chini, na ilikata njia mpya ya baiskeli mara kadhaa. Mtu anashuka na mzigo wake kichwani, baiskeli inatoka kwenye kona kama risasi, basi tena. Njia hiyo ilibidi ifungwe.

"Shemeji," Mkandarasi alimwambia, maana alikuwa rafiki wa mumewe, "nifunikie hii. Mwanzo wake tu, huku chini na kule juu. Mtu asipouona mlango haingii. Halafu simamisha kibao kule kileleni, nimekipaka rangi mwenyewe."

"Nimekiona. Umepaka na suruali."

"We funika njia, suruali niachie."

Akaifunika. Alianza chini, akamalizia juu. Alikokota matawi makavu, akapanda majani ya porini na mizizi yake, akanyunyiza majani makavu kwa mkono kama anayepanda mchicha, akalaza gogo kwa namna ambayo ungeapa lilianguka lenyewe zamani. Alipomaliza alirudi nyuma, akatazama, akaona kwamba hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile. Akapiga picha, akaituma kwenye kikundi cha simu: "Haya, njia iko wapi?" Hakuna aliyeipata. Mmoja alizungushia duara kwenye jiwe.

Kikabaki kibao. NJIA IMEFUNGWA. TUMIA BARABARA. Herufi zimepinda, rangi imechuruzika. Alikisimamisha, akatazama tena, na kazi yote ikawa imeharibika. Isitoshe, alijiambia, kibao kinachosema njia imefungwa si ndicho kinachomwonyesha mtu njia ilipo? Akaking'oa. Akakilaza kifudifudi kwenye kichaka, uso wake chini, akakitupia majani.

Hakuna aliyemwona.

Sasa mama mkwe. Mama mkwe wake aliishi nao nyumba moja, kwenye chumba cha uani, na walipatana vizuri kuliko mama na mkwe wengi, maana wote wawili hawakupenda maneno mengi. Alfajiri ya Jumamosi ileile, kabla ya majembe, bibi huyo alikuwa amepanda mlima kwa njia yake ya siku zote kwenda upande wa pili kwa bintiye, aliyekuwa amejifungua karibuni. Angelala huko. Angerudi Jumapili.

Mpambaji alilikumbuka hilo jioni, akijikausha nywele. Mama atashuka kesho. Alichukua simu ampigie wifi yake, amwambie, mwambie mama apite barabarani, njia tumeifunga. Lakini simu ilikuwa imejaa sifa. Dada una mkono wa ajabu. Dada hata mbwa atapotea hapo. Alizisoma zote, akajibu zinazohitaji kujibiwa, akatuma vicheko panapostahili. Kisha akaiweka simu kwenye chaji, akalala.

Jumapili mvua ilinyesha mchana, ukungu ukashuka nyuma yake. Mama hakurudi. Walidhani amezuiwa na mvua. Wifi alidhani amefika. Walipopigiana simu jioni ndipo ikajulikana kwamba hakuwa upande wowote.

Walimkuta Jumatatu asubuhi. Alikuwa ameketi kwenye kona ya katikati ya mlima, mgongo ameuegemeza kwenye tuta, nguo amejitanda kichwani, kifurushi cha nguo za mtoto za kufua kiko magotini. Daktari alisema moyo. Huenda. Lakini udongo wa njia mpya ulikuwa laini, nao ulikuwa umetunza kila kitu. Nyayo za raba zake zilipita, zikapinda, zikarudi, zikapita tena juu ya nyayo zilezile. Alikuwa amezunguka. Mkandarasi aliinama akaugusa udongo kwa vidole, akanong'ona bila kufikiri, "Umeshindiliwa kuliko tulivyoshindilia sisi." Kisha akavua kofia yake, kwa mara ya kwanza tangu wamjue.

Wanaume walimbeba mama kushuka. "Tangulieni," Mpambaji alisema, "nakusanya vitu vyake." Akapanda juu badala yake. Alipanda mbio, akianguka na kuinuka, mpaka kileleni. Akakitoa kibao kichakani. Akakipangusa kwa upande wa gauni lake. Akakisimamisha palepale kilipotakiwa kuwa, akakikandamiza kwa jiwe, akakitikisa kuhakikisha.

Kilisimama vizuri sana.

Msibani kila aliyekuja alikuja na swali lilelile. Kwa nini hakupita njia yake? Na Mkandarasi, aliyekuwa ameshapanda tena kwenda kujihakikishia, aliwajibu kwa uchungu wa kweli. "Njia ilifungwa, lakini kibao kipo. Nimekiona kwa macho yangu. Kinasema tumia barabara."

"Na mama alikuwa anajua kusoma," mtu akasema.

"Anasoma magazeti yule. Miwani haitoki puani."

Wakatazamana. Ndipo jibu likapatikana, kama majibu yanavyopatikana watu wakiwa wengi na chai ikiwa ya moto. Akili zilikuwa zimeanza kumtoka. Mara moja ushahidi ukaanza kumiminika. Kuna siku aliweka chumvi kwenye chai. Kuna siku alimwita mjukuu kwa jina la shangazi. Watu ambao juzi walikwenda kwake kuulizia nani ni ndugu wa nani mpaka kizazi cha tano, leo walitikisa vichwa: maskini, alikuwa haelewi tena. Na kwa kuwa alikuwa haelewi tena, swali la pili likajileta lenyewe. Nani alimwachia mgonjwa wa akili apande mlima peke yake?

Wifi ndiye aliyemwachia. Hakuna aliyemwambia usoni, hapana, watu wana adabu zao. Walimwambia tu "usijilaumu", mara nyingi hivi kwamba angekuwa jiwe angeelewa. Akaacha kula. Maziwa yakamkauka. Mtoto akawa analia mikononi mwa wengine, maana mama yake alisema hafai kushika kitu cha thamani.

"Kwa nini hakufuata kibao, wifi?" yule wifi alimuuliza Mpambaji jikoni, wakiwa wawili tu, mikono yote miwili ameitumbukiza kwenye maji ya vyombo yaliyokwisha kupoa. "Nilikaa naye siku nzima. Alikuwa mzima. Aliniambia nimemfunga mtoto vibaya. Mtu aliyechanganyikiwa anaona hilo?"

Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni kwa Mpambaji. Alilisikia ladha yake.

"Sijui, wifi," alisema. "Hata mimi najiuliza."

Alijiahidi kusema baada ya maziko. Baada ya maziko akajiahidi kusema wifi akipata nguvu. Uongo una faida hiyo, kila siku inayopita hukupa sababu mpya ya kungoja siku inayofuata. Kisha mumewe, aliyekuwa hajafungua mdomo wiki nzima, akasema ataingia mashindanoni. Alikuwa mwendeshaji wa siku nyingi, lakini safari hii alitaka kupita pale. Kona ile. "Nataka nipite mama alipopita," alisema. "Nimalizie mimi."

Wajitoleaji walirudi mlimani Jumamosi iliyofuata, hakuna aliyeleta kisingizio. Walipofika kileleni kibao hakikuwepo.

Walikipata kichakani. Kimelala kifudifudi, uso chini, kimetupiwa majani.

"Nani anachezea mali za watu?" Mkandarasi alifoka. Akakirudisha, akakipigia misumari kwenye mti.

Mpambaji alisimama mbali. Upepo ungekiangusha mbele au nyuma. Mwizi angekichukua. Mtoto mtundu angekitupa bondeni. Nani angekilaza kwenye kichaka kilekile, upande uleule, na kukinyunyizia majani kidogokidogo, kwa mkono, kama anayepanda mchicha?

Jumamosi nyingine tena. Kibao kichakani, uso chini. Misumari ilikuwa bado kwenye mti, imepigwa mpaka mwisho, haikupinda hata mmoja.

Mkandarasi akaleta saruji. Akachimba shimo, akasimamisha nguzo ya chuma yenye kibao, akamwaga zege. Wakakaa wakaitazama ikikauka. Juma lililofuata walikuta nguzo imesimama imara, safi, peke yake. Hawakuhitaji kutafuta. Wote waligeukia kichaka.

"Labda tukiache," mmoja alinong'ona.

"Hatukiachi," Mkandarasi alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Twendeni tukajaribu njia. Mashindano yako mlangoni."

Kujaribu njia ni kazi ya mtu mmoja. Anashuka na baiskeli kutoka juu hadi chini, wengine wanasimama kwenye kona kutazama udongo unavyoitikia. Mpambaji alipewa kona ya katikati. Hakuna aliyemchagulia kwa nia mbaya. Ilikuwa zamu tu. Ukungu ulikuwa unashuka, mweupe, mzito, umeanza kumeza matawi ya juu.

Mkandarasi akatokea kwenye ukungu, akapinda kwenye tuta, akampungia mkono. "Safi sana shemeji!" Akapotelea chini. Sauti ya gurudumu, ile tiktiktik, ikafifia.

Kisha ikaanza kusikika tena. Juu.

Akatokea upande uleule aliotokea kwanza. Alikuwa anacheka. "Umehama? Mbona upo na huku?"

"Sijahama."

Hakusikia. Alishapita.

Tiktiktik ikafifia chini. Ikaja juu.

Mara hii hakuwa anacheka. Alivuta breki mbele yake, mguu mmoja chini, jasho linamtiririka chini ya kofia. "Acha utani," alisema.

"Sijatoka hapa. Naapa sijatoka hapa."

"Njia hii haizunguki ikarudi palepale. Nimeichora mimi. Haizunguki." Alimeza mate. "Kuna mama amekaa kule kwenye kona. Amejitanda nguo, sikumwona uso. Nimempita mara zote."

Mpambaji alirudi nyuma hatua moja.

"Ananiuliza kibao kiko wapi," Mkandarasi alinong'ona. "Namwambia kipo kule juu, mama, hukukiona? Ananiuliza tena. Kibao kiko wapi. Shemeji, kona aliyokaa..."

Alitazama tuta. Alitazama alipokuwa amesimama Mpambaji.

"Ni hii," alisema.

Aliitupa baiskeli palepale. Alishuka mlima moja kwa moja, akipasua vichaka kwa mikono na kifua, kama mtu anayeogelea. Kesho yake alitumia kikundi ujumbe kwamba kazi zimembana sana benki, anawatakia maandalizi mema. Aliweka na alama ya dole gumba.

Baiskeli yake ilikuja kuchukuliwa na mtu mwingine.

Kwa siku zilizobaki Mpambaji alijitahidi sana kumzuia mumewe, kwa kila njia isipokuwa ile moja. Alisema goti lake halijapona. Alisema mvua itanyesha. Alisema mashindano ni ya vijana, watu watamcheka. Asubuhi ya mashindano alikaa kitandani akimtazama anavyofunga kamba za viatu, jezi ya mikono mirefu ameshavaa, mpya, ya buluu.

"Usiende," alisema.

"Nipe sababu."

Alimtazama machoni. Hakuwa mtu mgumu, mumewe. Angesikiliza. Pengine angelia. Pengine angeondoka. Lakini angesikiliza.

"Njia ina utelezi," alisema.

Mumewe akabusu kipaji cha uso wake, akatoka.

Mashindano yalianza vizuri. Vipaza sauti, vibanda, watu waliovaa kofia za bure. Mpambaji alipanda mpaka kona ile akasimama, safari hii kwa kujichagulia. Wa kwanza akapita kama risasi. Wakapita wengine, wakihema, wakitema mate, mmoja akiimba. Mumewe alipita katikati ya kundi, akamwona, akatabasamu. Akapinda. Akapotelea chini.

Wakaisha. Akapita yule wa mwisho kabisa, mwenye kizibao cha njano, ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna aliyebaki nyuma. "Nyuma yangu hakuna mtu, dada," alisema. "Unaweza kufunga."

Ukungu ulikuwa umeshafika miguuni.

Akapiga simu chini. Mume wangu amefika? Bado. Wa mwisho amefika? Amefika, amekaa anakunywa maji. Mume wangu? Hapana. Bado, dada. Bado.

Tiktiktik. Juu.

Alitokea kwenye ukungu peke yake. Jezi ilikuwa na matope mpaka shingoni. Mpambaji aliita jina lake, akanyosha mkono, na mumewe akapita karibu kiasi kwamba upepo wake ulimgusa. Hakugeuka. Macho yalikuwa mbele, wazi, kama ya mtu anayesoma kitu kilicho mbali.

Ikafifia. Kisha juu tena.

"Simama!" alipiga kelele. "Ni mimi!"

Hakusikia. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Midomo imepasuka. Alikuwa anaongea, pole pole, bila kupumzika. "Mama? Mama? Mama?"

Akapita.

Mpambaji akageuka kutafuta njia ya zamani. Inakatiza hapahapa, karibu na tuta. Akiipata angepanda moja kwa moja, amkatize juu. Aliparura matawi. Aliinua majani, akakuta majani. Alivuta kichaka, nyuma yake kichaka. Alikuwa ameifunika huko juu na huko chini tu, mwanzo na mwisho, lakini sasa haikuwepo popote. Alipiga magoti akapapasa ardhi kwa viganja, akitafuta ule ugumu wa udongo uliokanyagwa na watu miaka yote. Laini. Kote laini.

"Mama," alisema.

Ukungu ulinyamaza. Hata ndege.

"Mama, ni mimi. Tunaomba utusamehe. Njia ilifungwa kwa usalama wa watu wote. Yalikuwa maamuzi ya kikundi."

Tiktiktik. Akapita. Damu ilikuwa inamtoka mumewe kwenye viganja.

"Nilitaka kupiga simu," alisema haraka. "Nilisahau. Nilikuwa nimechoka. Mtu yeyote anaweza kusahau."

Akapita. Safari hii alikuwa analia.

Ndipo Mpambaji alipoisikia sauti yake mwenyewe. Magoti kwenye matope, mumewe anakufa mbele ya macho yake, na bado alikuwa anapamba. Bado alikuwa anapanga majani.

"Kibao hakikuwepo," alisema.

Alisema kwa sauti ndogo. Akarudia kwa sauti kubwa.

"Kibao hakikuwepo! Nilikitoa mimi kwa sababu kilikuwa kibaya kwa macho. Simu nilikuwa nayo mkononi. Nilisoma sifa zangu nikalala. Ulipokufa nikapanda nikakirudisha, ili waseme hukuelewa ulichosoma. Ulikuwa mzima, mama. Akili zako zilikuwa nzima mpaka mwisho. Na wifi hakukosa. Nimemwona anajimaliza, nikanyamaza."

Tiktiktik ikakoma. Haikufifia. Ilikoma, kama kitu kilichoshikwa kwa mkono.

Nyuma yake mtu alivuta pumzi. Aligeuka. Wifi yake alikuwa amesimama kwenye njia, amepanda kuja kumtafuta kaka yake. Uso wake ulikuwa umesikia kila kitu.

Matawi yakaachana juu yao. Mumewe alikuwa anashuka. Si kwa njia ya baiskeli. Alishuka kwa mguu, moja kwa moja, mahali ambapo palikuwa na kichaka punde tu, akisukuma baiskeli kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia alikuwa ameukunja, kiwiko kimetoka nje kidogo ya mwili, namna unavyoukunja ili mtu mzima akuegemee kwenye mteremko. Alipiga hatua fupifupi. Alisubiri kati ya hatua na hatua. Penye jiwe alisimama muda mrefu zaidi.

Alipofika penye tambarare alishusha pumzi.

"Haya, mama," alisema, kwa upole. "Tumetoka."

Kisha akamtazama mkewe, na macho yake yalikuwa yale anayoyajua, ya mtu aliye macho.

"Nimesikia," alisema.

Habari ilisambaa, maana wifi hakuificha na hakuwa na sababu ya kuificha. Waliosema marehemu alichanganyikiwa wakawa ndio wa kwanza kusema walijua tangu mwanzo kwamba haiwezekani, mwanamke mwenye kichwa kama kile. Ya chumvi kwenye chai haikutajwa tena. Wifi alianza kula. Wiki chache baadaye alionekana dirishani amembeba mtoto wake, amemfunga vizuri. Kwa kaka yake alikuja. Lakini hakumsalimia Mpambaji, wala hakumtukana. Alimpita kama unavyopita kiti.

Mumewe hakuondoka. Watu walingoja aondoke, wengine kwa hamu, lakini alibaki. Walizungumza kuhusu umeme, maji, na nani afunge geti. Usiku aligeukia ukutani.

Kulikuwa na ile jezi ya buluu. Mpambaji aliifua mwenyewe siku ya pili, kwa mikono, matope yakatoka yote. Alipoianika aliona mkono wa kulia, kwenye kiwiko, kitambaa kimevutika. Vibonyeo vinne upande wa nje, kimoja upande wa ndani. Alama za mtu aliyeshikilia kwa nguvu, muda mrefu, akiogopa kuanguka. Akailoweka. Akaipiga pasi ya moto, akainyosha mpaka ikalala bapa kama karatasi. Alipoiinua vikarudi, kimoja kimoja, vinne nje, kimoja ndani. Akaikunja akaiweka chini kabisa ya kabati, chini ya mashuka ya wageni, na hakuigusa tena.

Halafu ilikuwa asubuhi tu, ya kawaida, siku ya kazi. Kulikuwa na ukumbi wa kupamba na gari lilikuwa linamngoja nje. Alifungua kabati akatoa blauzi yake nyeupe, aliyoipiga pasi jana yake, akaingiza mkono wa kushoto, akaingiza wa kulia, akaanza kufunga vifungo mbele ya kioo.

Akasimama.

Kwenye kiwiko cha kulia kitambaa kilikuwa kimevutika. Vinne nje. Kimoja ndani. Bado vilikuwa na unyevu.

Dereva akapiga honi. Mpambaji alimalizia vifungo. Kisha akakunja mkono wake kidogo, akatoa kiwiko nje ya mwili, na akatoka mlangoni kwa hatua fupifupi, akisubiri kati ya hatua na hatua.